Kifungu cha Udongo Mchanganyiko

Gari la halmashauri lilikataa kupanda mlima wa Ntwalika. Lilijisimamisha lenyewe chini ya mwinuko, likawasha taa ya manjano, kisha kwa ile sauti yake ya upole inayoudhi likatangaza kwamba barabara ya mbele haikidhi viwango. Injinia Eliwaza Msengi alilisihi kidogo, akalitukana kidogo, mwishowe akashuka na kuubamiza mlango.

"Na viwango vya gari hili uliandika wewe?" aliuliza Diwani Ramla Njiku, akishuka upande wa pili huku akiuweka sawa mtandio wake.

"Mimi ni wa shule tu, Mheshimiwa. Vya magari vina wenyewe."

"Afadhali. Haya, tutembee, tusije tukachelewa baraza."

Baraza la Madiwani la Wilaya ya Isambaya lilikuwa linakaa alasiri ile ile, na ajenda kubwa ilikuwa viwango vipya vya ujenzi wa shule za umma. Rasimu aliiandika Eliwaza. Alikuwa injinia wa majengo wa halmashauri, mtu wa maneno machache ofisini na mengi njiani, na tangu Shule ya Msingi Kisonzo ianguke mwezi uliopita alikuwa amekonda mpaka sketi zinamzunguka. Ramla alikuwa diwani wa Kisonzo hiyo hiyo, na juu ya hapo mwenyekiti wa kamati ya elimu. Basi walikuwa wanapanda mlima wanawake wawili wenye shule iliyoanguka, wakienda kuiangalia nyingine ambayo jioni ikifika huenda isiwepo.

Shule zote za Isambaya zilijengwa kwa hamira. Jina lake la kitaalamu halikuwahi kufika vijijini. Kilichofika ni pakiti za unga wa kijivu, na watu walipoona unga ule ukitiwa maji ya sukari guru unaumuka na kutoa povu, wakauita hamira, yakaisha. Ni vijidudu. Unavichanganya na udongo, unashindilia kwenye fremu za mbao, na baada ya wiki ukuta umeshika, nyundo inadunda. Ufa ukitokea vinauziba vyenyewe, mradi ukuta unyweshwe sukari guru kila msimu. Serikali ilitoa hamira na paa. Wananchi walitoa udongo na nguvu zao, wakapandisha boma hadi usawa wa lenta, vile vile kama babu zao walivyofanya enzi za matofali ya kuchoma.

Hamira ilikuwa na jambo jingine: ilisikia. Kila shule ilikuwa na mvumo wake, na mvumo huo ukipigwa kutoka kwenye kisanduku cha halmashauri, vijidudu viliachia, na ukuta ukarudi kuwa udongo taratibu, bila kifusi. Watunga sheria waliutaka uwezo huo kwa sababu walichoka na magofu yanayoangukia mbuzi na watoto. Jengo likikataliwa, walisema, liondoke siku hiyo hiyo, asije mtu akarudi kulala humo kwa siri. Kisanduku chenyewe Eliwaza alikuwa amekibeba mgongoni ndani ya begi, na mikanda ilikuwa inamkata mabega.

"Hebu niambie tena kile kifungu," alisema Diwani huku akihema.

Eliwaza alikuwa nacho kichwani. "Ukuta wowote uliojengwa kwa udongo wa zaidi ya shimo moja utaachiwa."

"Hapo sawa."

"Mimi sina hakika kama ni sawa, Mheshimiwa."

Diwani alisimama katikati ya njia. "Injinia, tusianze. Wewe mwenyewe ulikuja Kisonzo, ukaokota vipande, ukaniambia huu mwekundu, huu mweusi, huu wa kijivu, udongo wa kila aina, ndiyo maana umeachana. Si maneno yako hayo?"

"Ni yangu."

"Siku ile tetemeko linapita, watoto wote walikuwa barabarani kwenye mchakamchaka. Wangekuwa darasani tungekuwa tunazika mpaka leo. Tuliponea kwenye mchakamchaka. Sasa mimi mchakamchaka siwezi kuuandika kwenye viwango. Udongo naweza."

Ilikuwa kweli tupu. Lakini Eliwaza alijua na kweli nyingine, ile iliyokuwa inamkondesha. Kifungu kile kikipita, karibu nusu ya shule za wilaya zingerudi kuwa udongo kabla ya jua kuzama. Mahema yaliyoahidiwa na mkoa hayakuwa yamefika. Watoto wa Ntwalika wangepelekwa ng'ambo ya korongo, mwendo ambao mtoto wa darasa la kwanza anaumaliza jua likiwa utosini. Wakubwa walikuwa na mtihani mbele yao. Na wasichana, hilo hakuhitaji kuambiwa na mtu, wangeanza kubaki nyumbani mmoja mmoja, na shule mpya ingekuja kuwakuta wamebeba watoto wao. Hasara ya namna hiyo haihesabiwi kwenye tetemeko lolote. Aliogopa ukuta uue mtoto, na aliogopa karatasi yake imwibie mtoto maisha, na hofu hizo mbili zilikuwa zinagombana ndani yake kila siku ya Mungu.

*

Mwalimu Mkuu Zefania Kingu aliwapokea getini. Alikuwa mfupi, amevaa kaunda suti iliyonyooshwa mpaka mikunjo inakata, na alikuwa amewatoa wanafunzi wote madarasani, wako uwanjani, kama alivyoagizwa.

"Shikamoo Mheshimiwa. Karibuni sana. Injinia, pole na mlima."

"Marahaba Mwalimu. Mlima tumeuzoea, gari ndilo limetukimbia," alisema Diwani.

Hakukuwa na chai, hakukuwa na kitabu cha wageni. Kila mtu wilayani alikuwa anajua kifungu kile kinasema nini, na Mwalimu aliwapeleka moja kwa moja kwenye darasa la nne.

Eliwaza alikwangua ukuta kwa kisu. Udongo ulikuwa wa rangi ya chai ya maziwa. Akakwangua chini ya dirisha, rangi ile ile. Akatoa kekee nyembamba akatoboa mpaka katikati ya ukuta, akaumwaga unga wake kiganjani, akausogeza kwenye mwanga. Ile ile. Akahamia darasa la tano, la sita, ofisi ya walimu, hadi stoo ya majembe. Kote rangi moja, kana kwamba ukuta wote ulitoka kwenye sufuria moja. Moyo wake ulianza kuwa mwepesi.

"Rangi moja, shimo moja," alisema Diwani, na uso wake uliokuwa umekaza tangu asubuhi ukalegea. "Alhamdulillahi. Hii inabaki. Mwalimu, tuambie tu udongo mlichimba shimo gani, tuandike, tushuke."

Mwalimu Zefania alisogea dirishani. Nje watoto walikuwa wanapiga kelele za watoto waliotolewa darasani bila kutarajia. Aliwatazama, akarudisha macho kwa wageni, akaufuta ubao ambao haukuwa na maandishi.

Sema shimo la mtoni, baba, Eliwaza alijisikia akiomba moyoni. Sema la mtoni tuondoke. Kisha akajionea haya, kwa kuwa hiyo haikuwa sala ya injinia.

"Haukutoka shimoni," alisema Mwalimu. "Ulitoka nyumba kwa nyumba. Kila kaya ilileta madebe yake."

Diwani alifumba macho. "Mwalimu."

"Ningeweza kuwadanganya, Mheshimiwa. Jana nimekesha nikijifunza namna ya kuwadanganya, na mke wangu ni shahidi. Lakini ukuta huu ukija kuanguka, mimi ndiye nitakuwa nimesema ulitoka mtoni. Siwezi kulala na jambo hilo."

Diwani alivuta kiti cha mwanafunzi akakaa, magoti yakampanda juu, na alionekana amechoka kuliko umri wake. Eliwaza bado alikuwa na ule unga kiganjani. Aliutazama tena, na kitu kikaanza kumkera.

"Hata Kisonzo kila kaya ilileta madebe yake," alisema polepole. "Lakini Kisonzo kila kipande kilikuwa na rangi yake. Hapa mbona rangi moja?"

Mwalimu alijikuna shingo. "Hiyo ni aibu yetu kidogo."

"Tuambie aibu hiyo."

"Unajua watu wanavyojenga. Ni kama kulima. Kila kaya inapimiwa ngwe yake ya ukuta, inaijenga kwa udongo wake, ikimaliza inakwenda zake. Kisonzo walijenga hivyo, na kwingine vile vile. Hapa ngwe zilitushinda. Kina Mpahi walipewa ngwe ya upande wa vyoo, wakasema wamedharauliwa. Walioangukia ukuta wa nyuma wakauliza nani atauona mchango wao huko nyuma. Kila mtu alitaka udongo wake uwe mbele, barabarani, ndugu zake wakipita waone. Tulikaa vikao mpaka mawingu yakaanza kukusanyika. Mwisho mwenyekiti wa kijiji akapandwa na hasira, akaamuru madebe yote yamwagwe lundo moja pale uwanjani na ng'ombe waingizwe walikanyage, mtu asijue tena udongo wake umekwenda wapi. Watu walinuna mwaka mzima. Wapo ambao mpaka leo hawasalimiani."

Eliwaza alicheka. Hakukusudia, kicheko kilimtoka tu, na alipocheka alikuwa ameshayaona mabonge ya Kisonzo mbele ya macho yake. Yalikuwa yameachana kwa pande zilizonyooka, kama miche ya sabuni. Siku ile alitazama rangi, akaandika udongo. Hakujiuliza kwa nini pande zilinyooka. Hamira hujifunza udongo inaotiwa, inauzoea, na mwenye ngwe ya jirani akija kesho na udongo wake mwingine, hamira ya huku haiijui ya kule. Zinakaa bega kwa bega miaka yote bila kushikana mikono, mpaka ardhi itikisike. Hapa Ntwalika kila konzi ya ukuta ilikuwa na udongo wa kila nyumba.

Aliwaeleza hivyo hivyo, kwa maneno hayo hayo, akionyesha kwa vidole. Diwani alisikiliza mpaka mwisho.

"Kwa hiyo tatizo ni ngwe, siyo udongo."

"Ndivyo ninavyoona."

"Basi imekwisha." Diwani aliinuka, akapangusa sketi. "Futa shimo, andika ngwe. Walioshindwa kuelewana wanabaki na shule yao. Ntwalika imepona, mimi barazani nitasimama nalo. Tushuke."

Mwalimu Zefania alishika mdomo kwa mkono. Machozi yalikuwa yanamlenga.

Na hapo ndipo Eliwaza alipotakiwa kufurahi, na hakufurahi.

"Mheshimiwa," alisema, "mwezi uliopita niliamini rangi. Leo naamini ngwe. Hayo yote ni kuamini. Nikikosea safari hii, watoto wanaweza wasiwe barabarani."

"Unataka nini?"

"Kupima." Alishusha begi mgongoni, akatoa kisanduku. "Mvumo una ngazi. Nikiupiga wote, ukuta unaachia. Nikiupiga nusu, hamira inalegea bila kuachia. Kama humu ndani kuna maungio tusiyoyaona, ukuta utafunguka hapo hapo. Kama hakuna, utasimama, na nikizima itashika tena."

"Umeshawahi kufanya?"

"Hakuna aliyewahi."

"Na ukifunguka?"

"Hakuna kuurudisha. Shule itakuwa imekwenda."

Mwalimu Zefania alisogea akasimama kati yake na ukuta, mikono nyuma, kama anayemzuia mwanafunzi mkorofi. Sauti yake haikupanda. "Injinia, nimesema kweli, na kweli imetuokoa. Mheshimiwa ameshatupa shule yetu, hapa, sasa hivi, wewe umesikia. Halafu unataka kuichukua uichezee?"

"Sichezi, Mwalimu."

"Una haki ya kisheria, najua. Piga hata kama nimekataa."

"Sitapiga ukikataa."

Alimaanisha, na kumaanisha kwenyewe kulimtia hofu. Angeweza kushuka mlima na ushindi mkononi. Watoto wangerudi darasani saa ile ile, kila mtu angempongeza, na ingekuwa ni yeye peke yake ambaye kila tetemeko dogo likipita angekaa kitandani akisubiri simu. Hilo angeweza kulivumilia. Ambalo hakuweza ni kumpa mwalimu huyu, aliyekataa kudanganya, shule ambayo yeye mwenyewe hana hakika nayo.

"Mimi ninao watoto wawili," Eliwaza alimwambia. "Wangekuwa wanasoma humu, ningetaka injinia apime. Ningemchukia, lakini ningetaka apime."

Mwalimu akatoka nje, na wakamsikia akiwaamuru watoto warudi nyuma, nyuma zaidi, mpaka kwenye miti ya michongoma. Aliporudi alisimama mlangoni.

"Piga," alisema. "Nakuchukia kidogo."

"Sawa, Mwalimu."

*

Walisimama uwanjani, mbali na jengo. Eliwaza alipiga moyo konde, akasukuma kitufe hadi alama ya nusu.

Mvumo haukusikika masikioni. Ulikuja kupitia nyayo, kisha magoti, na watoto kule michongomani wakanyamaza wote kwa pamoja. Mijusi ilitoka ukutani ikashuka mbio. Mchanga mwembamba ukaanza kuchuruzika kutoka pembeni mwa madirisha, bati zikalia, na ndani ya darasa la nne kitu kikaanguka kwa kishindo. Diwani alimshika Eliwaza mkono, akambana kweli kweli. Bonge la chokaa likajitenga chini ya lenta na kuporomoka, na nyuma yake ukatokea mstari mweusi, ukashuka, ukapinda, ukaelekea dirishani.

Nimeibomoa, Eliwaza aliwaza, nimeibomoa kwa mkono wangu mwenyewe.

Mstari ulifika dirishani ukakoma. Alisubiri uendelee, na haukuendelea. Haukunyooka, haukugawanya kitu, ulikuwa wa chokaa tu. Nyuma yake ukuta ulikuwa mzima, rangi ya chai ya maziwa, unatetemeka kidogo na kubaki mahali pake. Eliwaza alijilazimisha kusubiri zaidi ya alivyotaka, akasubiri na zaidi ya hapo, ndipo akazima.

Mwalimu Zefania alikwenda mpaka ukutani, akauwekea viganja vyote viwili, akausukuma kwa nguvu zake zote mpaka viatu vikateleza. Kisha akageuka, akaketi chini mavumbini na kaunda suti yake ile ya kunyooshwa, akajifuta uso. Eliwaza akaketi karibu naye, na raha ikampanda kifuani mpaka akashindwa kujua kama anacheka au analia, akaona haidhuru.

"Bado unanichukia?"

"Kesho nitaacha," alisema Mwalimu.

Diwani alikuwa bado amesimama, anatazama jengo. "Yako mangapi kama hili, tuliyokuwa tunakwenda kuyafuta leo?"

"Sijui, Mheshimiwa. Yapo. Na yapo ya ngwe, yatakayofunguka siku nikipiga."

"Yafunguke. Lakini yafunguke sisi tukiwa tumesimama tunayaona, na watoto wakiwa wameshapata pa kusomea." Alitoa simu mfukoni. "Andika hivyo. Usiniandikie udongo, usiniandikie rangi. Kila ukuta upigwe nusu, na usipigwe kabla mahema hayajasimama. Mkoa wakichelewa, nitakwenda kuyabeba mwenyewe."

"Na ngwe ipigwe marufuku kwa shule zijazo."

"Ipigwe."

"Andikeni na ng'ombe," alisema Mwalimu kutoka pale chini. "La sivyo watu watalichanganya lundo kwa jembe, wabague kidogo kidogo, kila mtu na upande wake. Nawajua."

Eliwaza aliandika na ng'ombe. Alasiri ile barazani diwani mmoja aliuliza kwa dhihaka kama wanyama hao watatakiwa kuwa na vyeti, watu wakacheka, na kifungu kikapita na ng'ombe wake ndani. Diwani Ramla alisimama mara moja tu, akaeleza alichokiona, akakaa.

*

Asubuhi iliyofuata Eliwaza alirudi Ntwalika kuuangalia ukuta. Alilipitisha gari njia ya nyuma, ndefu, ambayo kwa sababu lizijuazo lenyewe ilikidhi viwango. Akina mama walikuwa wameunywesha ukuta sukari guru jana yake, na nyuki wachache walikuwa bado wanauzunguka. Alipitisha mkono kwenye ule mstari chini ya dirisha. Ulikuwa umeshaanza kujifunga.

Kengele ililia. Watoto walikuja mbio kutoka uwanjani, wakabanana mlangoni wakisukumana, mmoja akamkanyaga mwenzake, mwenzake akamvuta sweta, mwalimu wa zamu akawafokea kidogo. Waliingia wote, wakatupa mabegi, wakaanza kugombea viti vya karibu na dirisha. Eliwaza alisimama nje akiwatazama mpaka wa mwisho alipokaa. Hakuna hata mmoja aliyeutazama ukuta.